Pembe Nne za Sauti: Kuzihukumu Albamu za Roki Zilizochanganywa Upya

Tarehe 12 Mei 1967, katika ukumbi wa Queen Elizabeth Hall mjini London, vijana wanne wa kundi la Pink Floyd walipiga muziki wao hadharani, na sauti ikawajia wasikilizaji si kwa mbele peke yake bali na kwa nyuma vilevile. Karibu na mpiga kinanda, Richard Wright, palikuwa na kisanduku chenye kijiti. Kijiti kikilazwa upande huu, mlio hukimbilia pembe hii ya ukumbi. Kikilazwa upande ule, huhamia pembe ile. Kisanduku hicho kilitengenezwa na Bernard Speight, fundi wa studio za Abbey Road, na kikaitwa Azimuth Co-ordinator. Asili ya neno hilo la kwanza ni Kiarabu, as-sumut, yaani mielekeo, nalo ni neno la wanafalaki na mabaharia. Manahodha wetu wasingeshindwa kulielewa. Baada ya onyesho kisanduku kikaibwa, na kingine kikatengenezwa badala yake.

Nimeanza na kisanduku hicho kwa sababu aghalabu watu hudhani kwamba sauti ya mzunguko, yaani ile inayomzunguka msikilizaji kwa spika nne, tano au zaidi, ni hila ya wauza mitambo wa siku za karibuni, iliyobandikwa juu ya albamu kongwe zisizoihitaji. Sivyo kabisa. Baadhi ya wanamuziki wa roki waliitamani tangu ujanani mwao, zana za wakati wao zisiwafikishe walikotaka. Wengine hawakuifikiria hata siku moja, na kazi zao zikaja kufanyiwa hivyo baada ya miaka thelathini au arubaini, wenyewe wengine wakiwa wamekwisha kufa. Kwa hiyo hatuwezi kuwa na hukumu moja kwa albamu zote. Ipo michanganyo iliyotimiza nia ya mtunzi, na ipo iliyomsemea maneno ambayo hakuyasema.

Mimi si fundi wa sauti. Ni mtu wa beti, na kwa miaka mingi riziki yangu imetokana na kuyahamisha maneno ya watu kutoka lugha moja hadi nyingine. Walakini nikisoma habari za mafundi hawa naiona kazi yangu mwenyewe. Wote wawili, mfasiri na fundi, hupokea kitu kilichokwisha kamilika, wakatakiwa wakitoe tena katika umbo ambalo hakikuzaliwa nalo. Wote wawili hushitakiwa kwa makosa mawili yanayopingana: kuganda mno na asili, na kuiacha mno asili.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Studioni kila sauti hurekodiwa katika njia yake juu ya utepe: ngoma njia hii, gitaa njia ile, mwimbaji nyingine. Albamu ya The Beatles iitwayo Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, ya 1967, ilirekodiwa kwa mashine za njia 4. The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, ya 1973, ilirekodiwa kwa njia 16. Na A Night at the Opera ya Queen, ya 1975, kwa njia 24. Njia zikijaa, fundi huzikusanya kadhaa akazimimina katika njia moja ya utepe mwingine, apate nafasi ya kuongeza. Kilichokwisha miminwa hakitenganishiki tena, kama sukari iliyokwisha korogwa ndani ya chai. Mwishowe njia zote hupimwa, kila moja ikapewa nguvu yake, mwangwi wake na upande wake, zikateremshwa kuwa mbili tu, ya kulia na ya kushoto. Huko kupima na kuteremsha ndiko kunakoitwa kuchanganya. Mtu akidhani ni kazi ya ufundi mtupu atakuwa amekosea. Ni hapo inapoamuliwa nani asimame mbele na nani akae nyuma ya pazia, na wimbo uleule waweza kutoka hapo ukiwa kilio au ukiwa mzaha.

Katika miaka ya 1970 makampuni yalijaribu kuuza santuri za pembe nne. CBS ilileta mfumo wa SQ mwaka 1971, Sansui ya Japani ikawa na QS, na JVC, pamoja na RCA ya Marekani, wakaja na CD-4. Santuri ya mfumo mmoja haikutoa pembe zake zote kwa mashine ya mfumo mwingine. SQ ilizifunganya sauti nne ndani ya mfuo wa sauti mbili, halafu mashine ya nyumbani ikatakiwa izifungue. Katika umbo lake la kwanza, sauti ya mbele na ya nyuma zilitengana kwa desibeli 3 tu, jambo ambalo sikio hulitambua kwa shida. CD-4 ilitenganisha vizuri zaidi, ila ilitegemea mawimbi ya juu sana, yanayopita uwezo wa sikio la mwanadamu, na ilitaka sindano ya aina yake. Haukupita muongo mmoja biashara hiyo ikafa.

Hapa pana jambo la maumbile ambalo wauzaji hawakulisema. Tuna masikio mawili, na yote yameelekea mbele kidogo. Spika mbili zikiwa mbele yetu, mwimbaji aweza kusikika akiwa katikati kabisa, mahali pasipo na spika yoyote. Ubongo humtengenezea kiti hapo. Lakini spika moja ikiwa mbele na moja nyuma, kwa ubavuni, ubongo haumtengenezei mtu kiti madhubuti. Sauti huruka, mara ipo mbele mara nyuma, na ukigeuza shingo imehama. Pembe nne zilizogawanywa sawasawa hupendeza karatasini, ila sikio halijui mraba.

Ndiyo maana mpangilio uliokuja baadaye haukuwa mraba. Ulitoka sinemani: spika tatu mbele, ya kushoto, ya katikati na ya kulia, mbili za nyuma zikawekwa si nyuma hasa bali ubavuni, baina ya nyuzi 100 na 120 kutoka mbele, na spika ya sita ya mivumo mizito peke yake. Mpangilio huo huitwa 5.1. Ulipata chombo cha kuubebea muziki kwa ubora mkubwa pale ilipotokea SACD mwaka 1999 na DVD-Audio mwaka 2000, na ghafla makampuni yakafungua maghala na kuzitoa tepe za zamani. Ama sisi wa Mji Mkongwe tuna shida yetu. Chumba cha nyumba kongwe hakina upana kuliko boriti zilizobeba dari yake. Ni kirefu na chembamba, na kuta zake za mawe na chokaa zinarudisha sauti. Duara la spika tano halikai humo ila kwa kumsogeza msikilizaji mpaka apakate spika mapajani. Nimesikiliza albamu hizi katika chumba cha namna hiyo na katika chumba kipana cha nyumba ya kisasa, na nakiri zilikuwa kama albamu mbili. Hukumu ya kwanza, basi, ni juu ya chumba.

Sasa tuingie katika kazi zenyewe, na tuanze na The Dark Side of the Moon, kwa sababu hiyo ilichanganywa kwa sauti ya mzunguko na watu wawili tofauti, kwa miaka thelathini kati yao. Alan Parsons alikuwa fundi aliyeirekodi pale Abbey Road, naye ndiye aliyetengeneza mchanganyo wa pembe nne uliotoka mwaka uleule wa 1973. Zile saa zinazolia kwa pamoja mwanzoni mwa wimbo wa "Time" yeye ndiye aliyekwenda kuzirekodi dukani kwa muuza saa, moja baada ya moja, kwa ajili ya majaribio ya sauti ya pembe nne, kabla hazijapata wimbo wa kukaa. Maana yake ni kwamba saa zile zilizaliwa na mzunguko. Mchanganyo wa stirio ndio uliozibana. Katika "Money" mna sarafu, karatasi inayochanwa na mtambo wa kuhesabia fedha, vyote vikizunguka kwa mapigo saba. Mpenzi wa mizani ataona mara moja kwamba saba haigawanyiki kwa nne. Milio ya namna hiyo ikitapanywa katika pembe nne, sikio halipati mahali pa kuegemea, na wimbo wenyewe ni juu ya tamaa isiyoegemea popote.

Mwaka 2003 kundi halikumpa Parsons kazi ya kutengeneza 5.1. Lilimpa James Guthrie, aliyefanya nao kazi tangu albamu ya The Wall ya 1979. Guthrie alizirudia tepe za mwanzo, zile za kabla ya kumiminwa, na kwa hiyo usafi wa sauti zake unampita Parsons mbali sana. Parsons alipousikia alisema, pamoja na kuusifu mahali mahali, kwamba huenda Guthrie ameganda mno na mchanganyo wa awali. Hili ni shitaka lilelile ambalo kila mfasiri amepata kulisikia. Nami naona Parsons amesema kweli nusu. Katika saa na sarafu, yeye ndiye mshindi, kwani ndiye aliyejua vitu vile vilikusudiwa wapi. Lakini katika "The Great Gig in the Sky", ambamo Clare Torry analia bila neno hata moja, uangalifu wa Guthrie ndio unaofaa. Sauti ile haitaki kuchezewa; yataka kuachwa mbele yetu kama mtu aliyesimama mlangoni, na mwangwi wake utandae chumbani. Bibi huyo aliitwa studioni Januari 1973, akalipwa paundi 30. Ilimbidi afungue kesi mwaka 2004, na baada ya maafikiano ya 2005 ndipo jina lake likaandikwa miongoni mwa watunzi wa wimbo. Kwa miaka thelathini sauti yake ilikuwa mbele ya mchanganyo, jina lake likiwa nyuma kabisa.

Ipo pia albamu iliyobeba ahadi ya pembe nne katika jina lake, ahadi isitimizwe. Quadrophenia ya The Who, ya 1973, inasimulia habari za kijana mwenye nafsi nne, na Pete Townshend alikusudia kila nafsi ipate pembe yake. Ufundi wa siku zile haukumridhisha, na albamu ikatoka kwa stirio tu. Mwaka 2011 zikatolewa nyimbo nane katika 5.1, na ilipofika 2014 ndipo ikatoka yote. Hapo hakuna haja ya mjadala mrefu juu ya haki ya kuchanganya upya: mtunzi alikuwa hai, na deni lilikuwa lake.

Kwa Queen mambo ni magumu zaidi, na wasomaji wa visiwa hivi watanisamehe nikikaa hapo kidogo. Farrokh Bulsara, ambaye dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akafa London tarehe 24 Novemba 1991. Mchanganyo wa 5.1 wa A Night at the Opera, ulioongozwa na Elliot Scheiner, ulitoka kwa DVD-Audio mwaka 2002. Yaani sauti yake iligawiwa mahali pa kukaa miaka 11 baada ya yeye kutoweza tena kusema ndiyo wala siyo.

Katika albamu hiyo mna wimbo wa Brian May uitwao "The Prophet's Song", unaopita dakika nane. Katikati yake vyombo vyote hunyamaza, akabaki Mercury peke yake. Anaimba kipande, utepe unakirudisha baada ya muda mfupi, yeye ameshaanza kipande kingine juu ya kile kinachorudi, kisha viwili vinarudi, naye anaongeza cha tatu. Mtu mmoja anakuwa kikao kizima. Katika stirio, marejeo hayo yalikuwa na pande mbili tu za kwendea, kulia na kushoto, na kwa kweli yalibanana. Katika mzunguko kila rejeo linapata mahali pake na umbali wake, na msikilizaji anaelewa kwa mara ya kwanza namna ya ushonaji ulivyokuwa. Hakuna kilichoongezwa. Umbo la wimbo lenyewe lilikuwa duara tangu siku lilipotungwa, na sisi tuliokulia katika ada ya mwimbaji anayeanza na watu wanaopokea hatuhitaji kufundishwa utamu wa jibu linalotoka nyuma ya mgongo. Nikiulizwa ni dakika zipi za roki ya zamani zinazohalalisha spika tano, nitazitaja hizo kabla ya nyingine zote.

Ila kwa "Bohemian Rhapsody" sikubaliani na wengi. Wasifiaji huelekeza kidole kwenye ile sehemu ya opera, ambamo makundi ya sauti yanajibizana, na husema ni raha iliyoje kuwa katikati ya mabishano hayo. Ni raha kweli, mara ya kwanza. Sauti zile ni za watu watatu, Mercury, May na Roger Taylor, walioimba tena na tena na kuzimimina njia ndani ya njia mpaka utepe ukachakaa. Kwa hiyo mchanganyaji hakuwa na sauti moja moja za kupanga, bali matonge yaliyokwisha finyangwa. Anachoweza ni kulichukua tonge hili akalitupa mbele na lile akalitupa nyuma. Zaidi ya hapo, opera ni ya jukwaani. Kejeli yake yataka tuwe watazamaji, tuketi chini tukitazama juu, tucheke. Ukimpandisha mtazamaji jukwaani kejeli inapungua. Ngomani kwetu wachezaji huwa katikati na watu wakawazunguka. Mzunguko wa spika umeigeuza hali hiyo, ukamtia msikilizaji katikati na wapigaji wakamzunguka yeye. Mageuzi hayo yanaufaa wimbo mmoja na yanaudhuru wa pili, hata ndani ya albamu moja ya watu walewale.

Hapo ndipo ninapopata kipimo changu, na naomba kisichukuliwe kuwa kanuni. Mwendo wa sauti chumbani uwe na sababu ndani ya utungo. Kina cha kati hakihamishwi mwishoni kwa kuwa fundi wa chapa amepata herufi mpya.

Mwaka 2009 ulikuja mkono mwingine. Steven Wilson, mwanamuziki Mwingereza, alishirikiana na Robert Fripp kuichanganya upya In the Court of the Crimson King, albamu ya kwanza ya King Crimson, iliyotoka 1969. Iliwezekana kwa kuwa zilipatikana tepe za kabla ya kumiminwa, zikalinganishwa na kuunganishwa upya. Ngoma za Michael Giles, ambazo zilisikika kama zinapigwa nyumba ya pili, zikaingia chumbani. Lakini Fripp alifanya na jingine: wimbo wa "Moonchild", ambao sehemu yake kubwa ni upigaji wa papo kwa papo wa sauti ndogondogo, alipunguza takriban dakika tatu. Wapo waliosema ndiyo heri, kwani sehemu hiyo ilichosha. Yawezekana. Lakini yeye hakuwa mpigaji pekee katika dakika hizo, na mtunzi aliyezeeka si mtu yule yule aliyekuwa na miaka 23. Sioni kwamba mzee ana haki ya kumfuta kijana pasipo kumwachia nakala yake.

Wilson akaendelea na kazi za makundi mengine. Aqualung ya Jethro Tull, ya 1971, ilirekodiwa katika studio ya Island, Basing Street, London, iliyokuwa mpya wakati huo, na wenyewe hawakupata kuridhika na sauti yake. Ilikuwa na ukungu. Mchanganyo wa Wilson wa 2011 uliuondoa ukungu huo. Hapa nataka msomaji atenganishe mambo mawili ambayo mahakimu wengi huyachanganya. Ubora wa Aqualung mpya hautoki katika spika tano. Usikilize kwa spika mbili tu, bado ni bora kuliko ya 1971. Kilichofanyika ni usafishaji, mfano wa kufuta vumbi juu ya hati. Kadhalika yapo matoleo ambayo sifa zake zote hutoka katika kupaza: sauti ikizidi nguvu kwa desibeli moja au mbili, sikio huiona nzuri zaidi bila kujua kwa nini. Anayetaka kuhukumu kwa haki asawazishe nguvu kwanza, kisha asikilize stirio ya kale, halafu stirio mpya, ndipo afike kwenye mzunguko. Asiyefanya hivyo anahukumu kitasa cha sauti.

Juu ya The Beatles nitasema kwa ufupi, maana yameandikwa mengi. Walipomaliza Sgt. Pepper's, mchanganyo walioushughulikia wenyewe ulikuwa wa mono, sauti moja. Stirio waliwaachia George Martin na Geoff Emerick, ikafanywa kwa haraka. Hata mwendo wa "She's Leaving Home" si mmoja katika michanganyo hiyo miwili: katika mono ni wa kasi zaidi na sauti iko juu zaidi. Giles Martin, mwana wa George, alipochanganya upya mwaka 2017 pamoja na Sam Okell, kwa stirio na kwa 5.1, aliichukua mono kuwa dira. Basi ile stirio ambayo watu wengi waliijua kwa miaka 50 na kuihesabu kuwa asili, haikuwa asili ya watunzi. Mwaka 2022 akaja na Revolver, ambayo katika wimbo wa "Taxman" gitaa, besi na ngoma zilikuwa njia moja. Kompyuta iliyofundishwa kutambua sauti ikazitenganisha. Sukari ikatoka ndani ya chai. Sijui mfasiri gani asingeona wivu, na hofu pia, kwani fundi sasa hana tena udhuru wa kusema utepe ulimkatalia.

Hofu hiyo si ya bure. Mwaka 1987 albamu za mwanzo za kundi la Marekani ZZ Top zilitolewa kwa CD baada ya kuchanganywa upya, ngoma zikavikwa mlio na mwangwi wa mtindo wa miaka ya 1980. Kwa muda mrefu anayetaka CD ya Tres Hombres, albamu ya 1973, hakuwa na nyingine ila hiyo. Mchanganyo wa asili ulirudi kwa CD mwaka 2006. Mwaka 2002 ikafanyika baya zaidi. Albamu mbili za mwanzo za Ozzy Osbourne zilitolewa tena, na besi ya Bob Daisley na ngoma za Lee Kerslake zikiwa zimeondolewa, wapigaji wengine wakarekodi mahali pao. Watu wawili walifutwa ndani ya kazi yao wenyewe. Walirudishwa katika matoleo ya 2011. Hayo hayakuwa michanganyo ya mzunguko, lakini mlango ni mmoja: anayeshika tepe anaweza kuongeza nuru, na anaweza kumtoa mtu nyumbani mwake.

Sisi wapenzi wa mashairi tuna uzoefu wa mambo haya. Tungo nyingi za Muyaka wa Mombasa zimetufikia kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah na William Taylor waliozikusanya. Hichens akazichapisha mwaka 1940 kwa hati za Kirumi, na Mohamed Abdulaziz akazitoa tena kwa namna yake mwaka 1979. Kila mmoja alifanya uamuzi juu ya neno, juu ya mpangilio, juu ya maelezo. Hatuwalaumu, kwa sababu matoleo yapo bega kwa bega na msomaji aweza kuyafungua mawili akaona mkono wa mhariri ulipopita. Lau toleo moja lingekula jingine, tungekuwa tunasoma mkono wa mhariri tukidhani ni wa Muyaka.

Zana nazo hazikusimama. Mfumo wa Dolby Atmos, ulioanza sinemani mwaka 2012, umeongeza spika za juu, na tangu Juni 2021 Apple imekuwa ikitoa nyimbo za namna hiyo kwa mtandao. Wengi wa wanaozisikiliza hawana spika hata moja chumbani. Wana viwili vya masikioni, na kompyuta inapiga hesabu ya namna sikio linavyoukunja mlio ili iwadanganye kwamba kuna kitu nyuma yao. Mduara wote umerudi kuwa kulia na kushoto. Guthrie mwenyewe ameirudia The Dark Side of the Moon katika mfumo huo, ikatoka mwaka 2023, ilipotimiza miaka 50.

Lakini mimi naliweka mbele zaidi lile sanduku la albamu hiyo lililotoka mwaka 2011. Ndani yake imo stirio, umo mchanganyo wa Parsons wa 1973 wenye pembe nne, na umo wa Guthrie wa 2003 wenye spika tano. Hakuna uliotolewa ili kumpisha mwenziwe. Anayetaka kumhukumu Guthrie juu ya zile saa za dukani, anaye Parsons mkononi.